Vipele vya Siku Tatu na Mtoto Aliye Tumboni

AFYA YA MAMA NA MTOTO

Mwezi huu tutazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tumewahi kuuona, lakini hatuujui kwa jina. Ugonjwa huo unaitwa rubela.

Mtoto akipata rubela, huwa na homa kidogo. Vipele vidogo vyekundu humtoka usoni, kisha huteremka kifuani, tumboni na miguuni. Tezi za nyuma ya masikio na za shingoni huvimba. Baada ya siku kama tatu vipele huisha, na mtoto hurudi kucheza na wenzake. Wazazi husema, "Ni joto tu." Wengine husema, "Ni surua ndogo." Hakuna anayekwenda zahanati.

Kwa mtoto huyo ni kweli, rubela si ugonjwa mkali. Hatari iko nyumba ya pili. Huko yuko mama mwenye mimba ya miezi miwili. Mama huyo akiambukizwa vipele hivyo vya siku tatu, yeye mwenyewe atapona. Lakini mtoto aliye tumboni mwake anaweza kuzaliwa haoni, hasikii, au akiwa na moyo wenye kasoro. Anaweza hata kufa kabla ya kuzaliwa.

Ndiyo sababu ugonjwa huu mdogo unastahili mazungumzo marefu.

Virusi ni nini?

Rubela huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno. Hata ile hadubini ambayo mganga wa maabara hutumia kutafuta vimelea vya malaria haiwezi kuvionyesha. Virusi haviwezi kuishi peke yao kwa muda mrefu. Huingia ndani ya mwili wa mtu na kuzaana humo.

Virusi vya rubela hukaa puani na kooni. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, hutoka pamoja na matone madogo ya mate. Aliye karibu huyavuta, naye huambukizwa. Vipele humtokea baada ya wiki mbili hivi.

Sasa tazameni ugumu wa ugonjwa huu. Mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine karibu wiki moja kabla ya vipele kutokea, na huendelea kwa karibu wiki moja baada ya hapo. Tena watu wengi walioambukizwa hawatoki vipele kabisa. Basi mama mjamzito hawezi kujilinda kwa kuwaepuka wenye vipele tu. Anaweza kuupata ugonjwa sokoni, kanisani, msikitini, ndani ya daladala, au mwaloni wakati wa kununua dagaa, kwa mtu anayeonekana mzima kabisa.

Virusi humfikiaje mtoto?

Mtoto aliye tumboni halishwi kwa mdomo. Chakula na hewa humfikia kutoka katika damu ya mama, kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Virusi vya rubela vikiingia katika damu ya mama vinaweza kupita njia hiyohiyo.

Wakati wa maambukizo ndio unaoamua ukubwa wa hatari. Mafundi wa mitumbwi wataelewa jambo hili upesi. Fundi huanza na ubao wa chini, yaani mkuku. Kisha hupanda na mbao za ubavuni. Kasoro ikiingia katika mkuku, mtumbwi mzima utakuwa na kasoro. Lakini mtumbwi ukiwa umekwisha, na fundi anapaka rangi, kosa dogo halitauzamisha.

Mtoto naye ni hivyo. Katika miezi mitatu ya kwanza ndipo moyo, macho, masikio na ubongo vinapoundwa. Virusi vikifika wakati huo, huharibu na kuzuia ukuaji wa viungo hivyo. Mama akiambukizwa katika miezi hiyo, virusi vinaweza kumfikia mtoto katika mimba hata 90 kati ya 100. Mimba ikizidi miezi mitano, mara chache sana mtoto hudhurika.

Shida ni kwamba miezi hiyo mitatu ndiyo ambayo wanawake wengi bado hawajaenda kliniki. Wengine hawajajua hata kama wana mimba.

Daktari wa macho wa Australia

Watu walijuaje kwamba vipele vya mama hudhuru macho ya mtoto? Mwaka 1941 daktari mmoja wa macho wa mji wa Sydney, nchini Australia, aliyeitwa Norman Gregg, alishangazwa na jambo fulani. Aliletewa watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe ndani ya mboni. Kwa kawaida ugonjwa huo huwapata wazee.

Gregg hakuridhika kutibu tu. Aliwauliza mama zao maswali. Alikusanya habari za watoto 78. Aligundua kwamba wengi wa mama hao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba rubela haina madhara yoyote.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1964 na 1965, rubela ilienea Marekani. Watoto wapatao 20,000 walizaliwa wakiwa wamedhurika. Mwaka 1969 chanjo ilianza kutumika huko.

Hata ziwa letu limo katika historia ya elimu hii. Mwaka 1947 wataalamu walipata virusi vingine katika damu ya tumbili kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ufuoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Virusi hivyo vikaitwa Zika, na kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vya homa nyepesi tu. Mwaka 2015 vilienea Brazili, na watoto wengi wakazaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Somo lilikuwa lilelile la Gregg. Homa iliyo ndogo kwa mama inaweza kuwa kubwa kwa mtoto.

Hali ya hapa Mwanza

Mwaka 2012 na 2013 wataalamu wa Bugando walipima damu za wajawazito waliokuwa wakihudhuria kliniki hapa Mwanza. Walitaka kujua ni wangapi wenye kinga ya rubela. Mtu aliyewahi kuugua rubela hubaki na kinga katika damu yake.

Kati ya wajawazito 342, wenye kinga walikuwa 317. Wakati huo chanjo ya rubela ilikuwa bado haijaanza kutolewa kwa watoto wote nchini. Maana yake ni kwamba rubela ilikuwa imeenea sana kwetu, na wanawake wengi walikuwa wameugua utotoni bila kujua.

Wengine watasema, "Basi hakuna hatari, kwani wengi wana kinga." Hebu tufanye hesabu. Toa 317 katika 342. Wanabaki wanawake 25 wasio na kinga. Hao ni kama 7 katika kila 100. Fikirieni ni wajawazito wangapi wanaokwenda kliniki kila mwezi katika Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe. Saba katika kila mia si wachache. Tena mmoja kati ya wale 342 alikuwa na dalili katika damu kwamba ameambukizwa karibuni, huku akiwa mjamzito.

Chanjo ya mtoto wako humlinda mtoto wa jirani

Mwezi wa Oktoba 2014 Serikali ilifanya kampeni kubwa. Watoto wote wenye umri wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15 walitakiwa kuchanjwa. Walipewa chanjo moja inayozuia magonjwa mawili, surua na rubela. Tangu wakati huo chanjo hiyo imekuwa katika ratiba ya kliniki ya watoto. Mtoto huchanjwa mara ya kwanza akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Hulipi kitu.

Hapa tushike jambo moja kubwa. Mama mjamzito hapewi chanjo ya rubela. Virusi vilivyomo katika chanjo hiyo vimepunguzwa nguvu, lakini ni hai. Kwa sababu hiyo madaktari hawaitoi wakati wa mimba. Hata mwanamke aliyechanjwa kabla ya mimba hushauriwa kungoja mwezi mmoja ndipo abebe mimba.

Basi nani atamlinda mama huyo ambaye hawezi kuchanjwa? Ni watu wanaomzunguka. Watoto wa nyumbani kwake wakichanjwa, hawatamletea virusi. Watoto wa jirani wakichanjwa, hawatawaletea watoto wake. Kijiji kizima kikichanja, virusi havipati mahali pa kupita. Chanjo ya rubela ni kama kusafisha mfereji wa maji wa kijiji. Mmoja akiacha sehemu yake, maji yatajaa kwa mwingine.

Tena kuchanja nusunusu kuna hatari yake. Zamani karibu kila mtoto wa kwetu aliugua rubela angali mdogo, akapata kinga. Sasa baadhi wakichanjwa na wengine wakaachwa, ugonjwa hupungua lakini hauishi. Wale walioachwa hukua bila kuugua na bila kinga. Msichana wa namna hiyo huolewa, hubeba mimba, ndipo virusi humkuta. Jambo hili lilitokea Ugiriki. Huko waliochanjwa walikuwa wachache mno, na mwaka 1993 rubela iliwapata vijana na wajawazito wengi. Kwa hiyo kazi hii haifai kuishia njiani.

Mtoto aliyekuwa na miaka 14 wakati wa kampeni ya 2014 leo ni mtu mzima, na pengine ana watoto. Kama alichanjwa siku ile pale shuleni, leo mimba yake imelindwa. Wanaochanjwa leo wakiwa na miezi 9 ndio mama na baba wa kesho.

Watoto wa mwaloni

Katika vijiji vyetu vya ufuoni kuna shida moja ya pekee. Wavuvi huhama wakifuata samaki. Leo familia iko Ukerewe, mwezi ujao iko Kome au kambi nyingine. Mtoto alichanjwa mara ya kwanza katika kisiwa kimoja, na alipofika miezi 18 wazazi walikuwa wamehamia kwingine. Chanjo ya pili ikasahauliwa.

Akina mama na akina baba mnaohama, fanyeni hivi:

1. Wekeni kadi ya kliniki ya mtoto mahali pakavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Mkihama, kadi iwe kitu cha kwanza kufungwa.

2. Mkifika mahali papya, ulizeni zahanati ilipo na siku ya chanjo. Zahanati yoyote ya Serikali itampokea mtoto, hata kama alianzia kwingine.

3. Mtoto akiwa amechelewa, mpelekeni hata hivyo. Msione haya. Kuchelewa ni afadhali kuliko kutochanjwa.

4. Viongozi wa mwalo, mkipata habari kwamba wachanjaji wanakuja, watangazieni watu mapema, kabla mitumbwi haijatoka.

Mama mjamzito afanye nini?

Nenda kliniki mapema, mara tu unapojua au unapohisi kuwa una mimba. Usingoje hadi tumbo lionekane. Nenda na mume wako, maana baadhi ya vipimo ni vya wote wawili.

Ukiwa mjamzito, usikae karibu na mtu mwenye homa na vipele, hata kama ni mtoto wa ndugu yako. Mwombe mtu mwingine amwuguze. Wenye nyumba wasimwone mama huyo kuwa ana kiburi.

Ukipata homa, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe. Homa nyingi za huku kwetu ni malaria, na malaria pia ni hatari kwa mimba. Ukiwa na vipele, mwambie mwuguzi mara ufikapo, kabla hujaketi na wajawazito wengine. Yeye atakutenga nao kidogo, ili usiwaambukize kama kweli ni rubela. Surua na tetekuwanga navyo huletwa na virusi, na navyo ni hatari kwa mjamzito. Mganga ndiye atakayetofautisha.

Hakuna dawa inayoua virusi vya rubela. Vidonge vya kuua bakteria havisaidii kitu hapa. Mama hupumzika, hupewa dawa ya kupunguza homa, na mimba yake huangaliwa kwa karibu. Halafu ni muhimu ajifungulie hospitali, ili mtoto apimwe macho, masikio na moyo mara azaliwapo.

Usisahau kipimo cha Virusi vya Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walijulikana mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Virusi hivyo vinaweza kumfikia mtoto wakati wa mimba, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi hivyo, wanaoambukizwa huwa kati ya 15 na 45. Mama akitumia dawa kila siku, na mtoto akapewa dawa yake, wanaoambukizwa wanaweza kupungua hadi chini ya 5. Basi kipimo hiki si cha kuogopwa. Kinaokoa mtoto.

Mtoto akizaliwa na kasoro

Katika vijiji vyetu, mtoto akizaliwa haoni au hasikii, maneno huanza. Wengine husema mama amerogwa. Wengine husema alivunja mwiko, au alitembea nje ya ndoa. Wako wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo.

Ndugu wasomaji, maneno hayo ni dhuluma. Virusi vya rubela huingia kwa pumzi. Mama huyo pengine alipakata mtoto wa jirani mwenye mafua. Hakuna kosa alilotenda. Na kama ni kumtafuta aliyeleta ugonjwa nyumbani, anaweza kuwa baba mwenyewe aliyetoka safari. Hivyo tuache kulaumiana, tumsaidie mtoto.

Mtazame mtoto machoni kwenye mwanga. Ukiona weupe katikati ya mboni, usimwekee dawa ya majani wala maziwa. Mpeleke hospitali haraka, wala usingoje akue. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Mtoto wa jicho akitolewa mapema, mtoto anaweza kuona. Akicheleweshwa miaka, hata akipasuliwa ataona kidogo tu, au asione kabisa. Zahanati itakupa barua ya kwenda hospitali ya wilaya au Bugando, kwenye madaktari wa macho.

Piga makofi nyuma ya mtoto. Asiposhtuka kwa sauti kubwa, mwambie mwuguzi. Mtoto akichoka haraka wakati wa kunyonya, akihema sana au akigeuka rangi midomoni, huenda ni moyo. Mpeleke siku hiyohiyo.

Mtoto aliyezaliwa na rubela anaweza kuendelea kutoa virusi hata kwa mwaka mzima. Apendwe na apakatwe, lakini wajawazito wasimwuguze mpaka daktari aseme.

Na mtoto asiyeona au asiyesikia ana haki ya kusoma. Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, hupokea watoto wasioona. Huko Mugeza, Bukoba, iko shule ya viziwi. Mwulizeni ofisa elimu wa kata kabla ya kumficha mtoto ndani.

Maswali mawili tunayoyasikia

"Kwa nini wavulana nao wachanjwe, na hali hawabebi mimba?" Kwa sababu wavulana huugua na huambukiza sawa na wasichana. Kijana asiyechanjwa leo anaweza kumwambukiza mke wake kesho.

"Je, chanjo hii haiharibu uzazi?" Haiharibu. Kinachoharibu mimba ni rubela yenyewe. Msichana aliyechanjwa analindwa ili azae mtoto mzima.

Yajadilini haya

Someni ukurasa huu pamoja, nyumbani au katika kikundi, kisha jadilini maswali haya:

1. Kwa nini ugonjwa usiomsumbua mtoto mkubwa unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni?

2. Katika kitongoji chetu, ni watoto gani ambao hawajapata chanjo ya pili ya miezi 18? Ni nani atakayekwenda kuwaambia wazazi wao?

3. Mjamzito wa kwetu hungoja miezi mingapi kabla ya kwenda kliniki? Nini kinamchelewesha: mbali, fedha, aibu, au mume?

4. Mtoto akizaliwa na kasoro, sisi majirani tutamsaidiaje mama yake?

Baada ya kujadili, fungueni kadi za watoto wenu mzitazame. Kama pale penye surua na rubela hapajajazwa mara mbili, na mtoto amepita miezi 18, siku ya chanjo inayokuja ni siku yenu.